Fangasi Isiyosikia Dawa

Katika Hospitali ya John Radcliffe mjini Oxford, Uingereza, wagonjwa mahututi wa wadi ya ubongo na mishipa ya fahamu walikuwa wakipimwa joto kwa kifaa kinachowekwa kwapani. Kilikuwa cha kutumiwa tena na tena: kikitolewa kwa huyu, kinasafishwa, kisha anawekewa mwingine. Kati ya mwaka 2015 na 2017 wagonjwa 70 walikutwa na fangasi iitwayo Candida auris. Wachunguzi walipima hewa na samani za wadi, wasipate kitu cha maana. Walipovigeukia vipimajoto, fangasi ilikuwa imejaa tele. Vilipoondolewa, maambukizi mapya yalishuka.

Mhadhara huu unaanzia kwenye kifaa hicho kwa makusudi. Usugu wa dawa huzungumzwa kana kwamba ni jambo la wanasayansi na viwanda tu, ilhali fangasi hii husambaa kupitia mikono, reli za vitanda na vifaa vinavyopitishwa kwa mgonjwa mmoja baada ya mwingine. Anayeshika dekio wadini ni mtu wa mstari wa mbele sawa na daktari.

Candida auris ilielezwa mara ya kwanza mwaka 2009, baada ya kupatikana sikioni mwa mgonjwa nchini Japani. Uchunguzi wa vinasaba ulikuja kuonyesha jambo la ajabu: koo zake za Asia Kusini, Asia Mashariki, Afrika Kusini na Amerika Kusini zilichomoza karibu wakati mmoja, bila moja kuzaliwa na nyingine. Arturo Casadevall na wenzake walipendekeza mwaka 2019 kwamba ongezeko la joto duniani limeizoesha fangasi hii kuhimili joto la mwili wetu, ambalo fangasi nyingi haziliwezi. Ni hoja yenye uzito, ingawa haijathibitishwa.

Afrika Mashariki haikusalimika. Katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, wagonjwa 201 walikutwa na fangasi za jamii ya Candida kwenye damu kati ya Septemba 2010 na Desemba 2016. Kati yao, 77 walikuwa na auris. Iliipita hata Candida albicans, iliyozoeleka kuongoza. Anayeandamwa zaidi ni mgonjwa aliyelazwa muda mrefu, mwenye mrija kwenye mshipa mkubwa au mpira wa mkojo, ambaye tayari amemeza antibiotiki za kila aina.

Dawa zenyewe ni chache. Seli ya fangasi inafanana na ya binadamu kuliko ya bakteria inavyofanana nayo, hivyo si rahisi kuipiga bila kumuumiza mgonjwa. Nchini Marekani, takriban asilimia 90 ya sampuli zilizopimwa zilikuwa sugu kwa flukonazoli, kidonge cha bei nafuu kilichozoeleka. Karibu asilimia 30 zilihimili amfoterisini B, dawa ambayo nayo huelemea figo. Linabaki hasa kundi la ekinokandini, linalotolewa kwa dripu na kwa gharama kubwa. Na usugu dhidi yake umeshaanza kuonekana.

Kabla ya dawa, kuna jina. Mashine za maabara zisizo na kumbukumbu mpya zimeiandika mara nyingi kama Candida haemulonii. Jina likikosewa, hakuna anayemtenga mgonjwa, na wadi inaendelea na shughuli zake.

Kisha usafi. Dawa nyingi za kusafishia sakafu hazitoshi. Klorini iliyochanganywa kwa kipimo sahihi inafanya kazi, mradi iachwe ikae kwa dakika zilizoelekezwa kabla ya kufutwa. Mfanya usafi anayeharakishwa kuandaa kitanda kwa sababu mgonjwa mwingine anasubiri kwenye korido hana dakika hizo. Ni wajibu wa uongozi wa hospitali kumpa muda, glavu, mafunzo na kiti katika kamati ya kudhibiti maambukizi.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka fangasi hii katika kundi la hatari kubwa kabisa. Kwa kuwa mtu anaweza kuibeba kwenye ngozi kwa miezi bila dalili yoyote, barua ya rufaa inapaswa kuitaja waziwazi, ili hospitali inayompokea itenge chumba kabla gari la wagonjwa halijafika.