Daftari la Bugobogobo



Daftari hili kubwa lina picha za miaka tuliyofundishwa bugobogobo. Watazamaji wengi hudhani kurusha jembe ndiyo ngoma yenyewe. Sisi tulikaa muhula mzima bila kushika jembe! Tulipiga miguu tu, mgongo umeinama kama mtu anayelima, maana ngoma hiyo ilitoka shambani: Wasukuma walilimiana kwa vikundi, na mdundo ndio ulioipeleka safu yote pamoja. Mwalimu wetu, mfuasi wa Bagika asiyetaka hata kuwasikia Bagalu, alitupeleka Bujora kwenye Bulabo, mwezi wa Juni, tukaone mahasimu hao wanavyonyang'anyana watazamaji.

Gundi hula picha, kwa hiyo nimezishikiza kwa pembe za karatasi. Shida ni majina. Katika picha ya Bujora tumo kumi na wanne, nawatambua wanane. Mpiga ngoma wetu, aliyewajua wote, tulimzika mwaka jana. Daftari liko mezani karibu na mlango, na penseli ipo. Andikeni pembeni, tafadhali, si juu ya nyuso.