Chokaa inayomeguka kwenye viungo vya ukuta

Kiungo cha ukuta kilichojazwa chokaa wiki chache zilizopita, kikikwaruzwa kwa msumari na kumwaga unga mkavu, mara nyingi kilikauka kabla ya kukomaa. Chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, na kazi hiyo haiendelei bila unyevu. Iringa na Mbeya, kuanzia Juni hadi Oktoba, mvua ni haba na upepo ni mkavu. Tofali la kuchoma ambalo halikuloweshwa hufyonza maji ya chokaa mara tu fundi anapoinua mwiko. Dawa yake ni kurashia ukuta maji mpaka ndani ya kiungo, kisha kufunika kazi kwa magunia mabichi kwa wiki nzima au zaidi. Baridi kali ya usiku wa Julai nayo hudhuru chokaa changa.

Chanzo kingine ni chokaa yenyewe. Mfuko uliokaa wazi stoo umeshakula hewa, hivyo haushiki tena. Mchanga wenye vumbi la udongo pia hudhoofisha. Unaofaa ni safi, wenye chembe kubwa na ndogo, ndoo tatu kwa moja ya chokaa.

Kiungo kibovu hukwanguliwa hadi kina cha mara mbili ya upana wake. Kukifunika kwa saruji ni kosa kubwa: kwenye kuta za kale, kama zile za enzi ya Wajerumani, saruji hufungia unyevu, na tofali laini ndilo linalobanduka.