Kuingia Chuo Kikuu si Kumaliza

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Bodo



Kila mwaka elimu inapotajwa mkutanoni, twauliza: ni vijana wangapi wameingia chuo kikuu? Swali hilo ni jema, nami siliondoi. Lakini leo naomba tuongeze swali la pili, ambalo ni zito kuliko la kwanza: katika wale walioingia, ni wangapi wamemaliza?

Anayeingia twamsindikiza kwa dua na michango. Anayekatiza masomo hurudi kimya kimya, aghalabu wakati wa likizo, na likizo ikisha haondoki. Mwingine harudi kabisa; hubaki mjini akiona haya. Nasi husema, "Akili yake imefika mwisho," na shauri likaishia hapo. Neno hilo si la haki, na kwa wale wanaosoma sayansi, uhandisi na hesabu, mara nyingi si la kweli.

Masomo hayo yatuhusu sisi wa pwani hii kuliko tunavyodhani. Wazee waliotutangulia walilijua jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilipangwa kujengwa Mombasa shule ya ufundi kwa ajili ya Waislamu wa Afrika Mashariki, na Sultani wa Unguja, Aga Khan na jamaa ya Mabohora wakatoa fedha zao. Shule hiyo ikawa Politekniki mwaka 1972, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Tena tutazame karibu zaidi. Huko Gazi, tangu 2013, wanakijiji hulinda mikoko kwa mpango wa Mikoko Pamoja, na malipo ya hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo hutumika kwa maji na shule. Kazi hiyo haiwezekani bila ya watu wa kupima miti na kupiga hesabu. Mikoko ipo hapa petu pia, na bahari ni yetu. Je, watakaoipima watatoka wapi, ikiwa watoto wetu wanaishia njiani?

Mlango wa kuingilia umepanuka. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iko tangu sheria ya 1995, na tangu 2013 Kaunti ya Kwale imesaidia vijana wengi kwa mpango wake uitwao Elimu ni Sasa. Kwa hiyo taabu iliyokuwa nje ya mlango sasa imehamia ndani. Mvuvi ajua kwamba aghalabu chombo hakivunjiki penye kina kirefu. Huvunjika mlangoni, penye miamba. Mlango wa mwanafunzi ni mwaka wake wa kwanza, na miamba yake naiona kuwa mitatu.

Mwamba wa kwanza ni muda unaopotea. Kijana humaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi wa Novemba, na chuo kikuu humwita mwezi wa Agosti au Septemba wa mwaka unaofuata. Miezi tisa hupita bila kushika kitabu cha hesabu. Anapofika chuoni, mhadhiri haanzi pale kijana alipoachia; huanza mbele yake.

Mwamba wa pili ni fedha zinazochelewa. Mara nyingi kinachomtoa kijana chuoni si karo yote, bali ni upungufu mdogo uliokuja wakati mbaya. Katika vyuo vingi mwenye deni la karo huzuiwa kuingia mtihanini. Mkopo ukichelewa wiki tatu, mtihani haumngoji. Mwaka 2023 serikali ilileta utaratibu mpya wa kugawa misaada kwa kadiri ya uwezo wa kila jamaa, na sehemu ya karo ikaachiwa wazazi. Jambo hilo lilifika hata mahakamani. Mahakama na iamue iamuavyo. Mzazi anayetegemea nyavu hajui bahari itampa nini mwezi ujao.

Mwamba wa tatu ndio mkubwa, nao ni upweke. Hapa nitatoa mfano wa mbali, kwa kuwa wafanana sana na hali yetu. Katika miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, Marekani, Uri Treisman, aliyekuwa akifundisha hesabu, aliona wanafunzi wengi weusi wakianguka katika hesabu ya juu iitwayo kalkulasi, ingawa walikuwa wamefaulu vyema katika shule walizotoka. Aliwauliza wenzake sababu. Wakamjibu: hawana bidii, au hawakuandaliwa, au wazazi wao hawajali elimu, au ni ufukara. Treisman hakutosheka. Alikwenda kuwatazama wanafunzi mahali pale wanaposomea na kuishi, akaona kuwa bidii ilikuwapo, na wazazi walijali mno. Tofauti ilikuwa nyingine. Wanafunzi wenye asili ya Kichina walisoma kwanza kila mtu peke yake, kisha hukutana, wakala pamoja, wakakaguliana majibu na kusahihishana. Wale weusi walisoma peke yao siku zote, na walipokwama hapakuwa na mtu wa kujua.

Basi mwaka 1978 akaanzisha vikundi vya kufanya hesabu pamoja. Hakuwapa hesabu nyepesi kama watu wa kuonewa huruma. Aliwapa ngumu zaidi, wazishindanie kwa umoja. Wengi wakafaulu, na mpango wake ukaigwa katika vyuo vingine.

Wazee wetu, jambo hili si geni kwetu. Ni ujima, tuliouzoea katika kulima na kujenga. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ajabu ni kwamba kijana aliyelelewa katika ujima tunampeleka chuoni akapambane na kazi ngumu kuliko zote akiwa peke yake. Na kwa binti yetu upweke huo ni mara mbili, maana katika darasa la uhandisi huenda akakuta wasichana ni wachache, na huku nyumbani wapo wanaomuuliza ataolewa lini badala ya kumuuliza masomo yanakwendaje.

Kwa hiyo nauletea mkutano mapendekezo manne.

La kwanza: mchango wetu kwa mwanafunzi usitolewe wote siku ya kuingia. Ugawanywe kwa mihula mpaka mwaka wa mwisho, na fungu moja liwekwe kando kwa dharura ndogo, kama nauli au salio la karo kabla ya mtihani. Fungu hilo litolewe upesi, bila ya kungoja mkutano.

La pili: nahodha asiyejua mlango huchukua rubani. Kila kijana anayeingia apewe rubani wake, yaani mwanafunzi aliyemtangulia, na ikiwezekana wa masomo yale yale. Tena awe na mzee mmoja hapa kijijini wa kumpigia simu kila mwezi na kumwuliza hali yake bila ya kumkaripia.

La tatu: katika miezi ile ya kungoja, vijana waliomaliza kidato cha nne wakutane mara mbili kwa wiki katika darasa la shule yetu, wafanye hesabu na fizikia pamoja, wakiongozwa na wanafunzi walio likizoni. Gharama yake ni chaki, taa, na chai.

La nne ni dogo kwa maandishi lakini kubwa kwa maana. Katika taarifa ya mwaka twaandika idadi ya walioingia. Naomba chini yake tuongeze mistari miwili: walio bado masomoni, na waliohitimu. Na mwenye kukatiza asitajwe jina; aendewe nyumbani kwake, aulizwe kilichomsibu, na njia ya kurudi itafutwe. Kukatiza masomo si kifo, na wako wengi waliorudi wakamaliza.

Bwana Mwenyekiti, najua fedha zetu ni chache. Lakini kumsaidia kijana kuingia, kisha akaanguka mwaka wa kwanza, ni kutumia fedha hizo chache na kubaki mikono mitupu. Yeye akabaki na jitimai, na mdogo wake akajifunza kuogopa hesabu. Heri tuwafikishe watano kuliko kuwasindikiza kumi tusijue walikoishia.

Naomba mapendekezo haya yajadiliwe leo na yapigiwe kura kabla ya kuondoka. Mwenyezi Mungu awabariki watoto wetu na wale wanaowalea.

Wassalaam.