Mtoto Umleavyo

Tangu askari polisi 8 walipouawa Kibiti, kaskazini ya Kilwa, mwezi Aprili 2017, wengi wameuliza silaha zilitoka wapi, ilhali wachache wameuliza muuaji hutoka katika utoto gani. Mtazameni mtoto aparaye samaki ufukoni Kilwa Masoko saa ya darasa, shati la skuli limemchakaa mwilini: asiyezoea nyumbani ila fimbo na matusi, akakua akiiona gesi ya kisiwa cha Songosongo ikipelekwa Dar es Salaam huku mikono yake haina kazi, huwa windo jepesi la mwovu wa kwanza amwitaye ndugu. Dhambi ni ya muuaji, na hukumu imfike kwa haki. Lakini malezi, elimu na riziki ni amana yetu sote, kwani mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.