Jiji letu, mkurugenzi wao

Vijana wenzangu wa Ilala, Februari 2021 Rais alivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, manispaa yetu ikapandishwa kuwa jiji. Kuna aliyetuuliza? Thubutu!

Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo wakafunga maduka kwa kero za kodi. Akaja Waziri Mkuu kuwasikiliza. Diwani tuliyemchagua angefanya nini? Kodi ile haiko mikononi mwake, na hata mkurugenzi wa jiji anateuliwa na Rais.

Ibara ya 146 ya Katiba inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Basi tudai hivi: mkurugenzi aajiriwe na baraza la madiwani, na baraza liweze kumtimua. Anayekusanya ushuru wetu ajibu kwetu.