Mukubwa ni nani?



Leo tunashika neno moja tunalolisema kila siku: mukubwa. Pale nje ya uwanja wa ndege, kijana anayetafuta valizi ya kubeba anamwita kila mwenye suti "mukubwa". Jina hajui. Ameangalia viatu tu.

Neno hili limepita majina mengi. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilianza kuwapa Wakongo wachache karte ya mérite civique, wahesabiwe kuwa "évolués", watu waliopita wenzao. Baadaye Mobutu akakataza Monsieur na Madame, wote tuitwe citoyen. Midomo ilibadilika, mukubwa alibaki mukubwa.

Lakini tuingie nyumbani. Nyumbani mukubwa wangu ni yule aliyezaliwa mbele yangu. Baba akikosa mshahara, ni yeye anayeulizwa minerval ya badogo wake. Hata kama sandale zake zimekatika, bado ni mukubwa. Na mudogo? Mudogo ni wa kutumwa. Maji, makala, unga wa bukari: mudogo, kimbia!

Ndiyo sababu Luka 22:26 inatugusa sana sisi tunaosema Kiswahili cha huku. Mitume walikuwa mezani na Yesu, usiku wa kuamkia msalaba, na bado wanabishana nani kati yao ni mukubwa. Yesu hakusema kwamba hakuna mukubwa. Alisema mukubwa awe kama mudogo. Kama yule wa kutumwa! Hapo Petro, mwenye sauti kuliko wote, alipaswa kunyamaza kidogo.

Sasa tunauliza watu wa protokole. Yakobo, katika sura ya 2 ya barua yake, amekwisha kumwona mgeni wenu mwenye pete ya zahabu. Kwa nini anayeshuka kwenye jipu anafutiwa kiti cha mbele, na mama mwenye mtoto mgongoni anaonyeshwa ukuta? Labda mama huyo ndiye mukubwa kwao, na watoto wa marehemu dada yake wanakula kwake.

Bakubwa wa kanisa, siku ya Mungu inayokuja mufike mbele ya watu wote. Viti havijapangwa, na maji ya kunywa bado yako kwenye kisima.