Dorothy Hodgkin na Miaka 35 ya Insulini



Katika vitabu vyetu vya kiada, mshindi wa Tuzo ya Nobel hupewa mstari mmoja: jina, mwaka, alichogundua. Mwanafunzi anaukariri, anaujibu kwenye mtihani, na baada ya hapo unamtoka. Mada yangu inamhusu mshindi mmoja tu, Dorothy Hodgkin, kwa sababu nataka tuone kazi iliyofichwa nyuma ya mstari huo, na watu waliomfungulia njia kabla dunia haijamjua.

Alizaliwa Cairo mwaka 1910, baba yake Mwingereza akifanya kazi ya elimu Misri na baadaye Sudan. Alisoma Uingereza, katika mji mdogo wa Beccles, ambako kemia ilikuwa somo la wavulana. Yeye na msichana mwenzake mmoja wakaruhusiwa kuingia darasani. Alipokwenda Khartoum kuwatembelea wazazi, aliokota madini asiyoyajua. Mkemia wa udongo aliyeitwa Joseph, rafiki wa familia, alimsaidia kuyapima, wakakuta ni ilimenaiti, yenye chuma na titani. Kisha akampa sanduku la kemikali. Jina la Joseph halimo kwenye orodha ya washindi, lakini mimi siwezi kusimulia habari za tuzo ile bila kumtaja.

Fani aliyoichagua ilikuwa ya kupiga picha fuwele kwa eksirei. Mionzi ikipita kwenye fuwele hutawanyika na kuacha madoa kwenye filamu. Ukipima mahali pa kila doa na ukali wake, kisha ukapiga hesabu ndefu, unaweza kujua atomi zimekaa wapi. Mwaka 1934, akiwa Cambridge na mwalimu wake J. D. Bernal, walipata picha ya pepsini, protini inayomeng'enya chakula tumboni. Siri ilikuwa kuiacha fuwele ndani ya kimiminika chake, kwani ikikauka mpangilio wake huvurugika. Jambo dogo la mezani kama hilo ndilo lililofungua uchunguzi wa protini zote zilizofuata.

Mwaka huohuo, akiwa na miaka 24, aligunduliwa kuwa na baridi yabisi. Ugonjwa ulimpinda vidole na haukumwacha maishani. Kwa mikono hiyo aliendelea kushika fuwele ndogo kuliko punje ya chumvi, na akalea watoto watatu.

Kati ya kazi zake, penisilini ndiyo inayotugusa zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kila mtu aliitaka, lakini wakemia walibishana kuhusu umbo lake. Robert Robinson, mkemia mwenye jina kubwa pale Oxford, alishikilia muundo mwingine. Mwaka 1945 ramani ya atomi ya Hodgkin ilimaliza ubishi: ndani ya penisilini kuna pete ya atomi nne, kaboni tatu na nitrojeni moja. Pete hiyo imejikaza mno, hukatika upesi, na inapokatika hujifunga kwenye kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia kujenga ukuta wake. Amoksilini inayouzwa kwenye maduka yetu ya dawa ina pete hiyohiyo. Mwanafunzi aliyewahi kuimeza anastahili kuonyeshwa pete hiyo ubaoni.

Ikafuata vitamini B12, yenye atomi zaidi ya 180 na kobalti katikati, iliyokamilika miaka ya 1950. Tuzo ya Kemia ilikuja mwaka 1964, naye akiwa Ghana, ambako mumewe Thomas aliongoza Taasisi ya Taaluma za Afrika katika chuo kikuu. Gazeti moja la Uingereza lilimtangaza kama mama wa nyumbani wa Oxford. Inaniuma hadi leo: miaka 30 ya maabara kufutwa kwa maneno machache.

Insulini ilikuwa bado. Fuwele za kwanza alizipata mwaka 1934, lakini molekuli yenye karibu atomi 800 ilizidi uwezo wa hesabu za wakati huo. Alingoja mashine na mbinu zikue, akafundisha vijana, akairudia. Mwaka 1969 kundi lake lilipata muundo, naye akikaribia miaka 60. Baadaye alikwenda Beijing, ambako wanasayansi wa China walikuwa wameifikia insulini kwa njia yao wenyewe, wakiwa wametengwa na wenzao wa Magharibi. Aliweka ramani yao kando ya yake, akalinganisha, kisha akaitangaza kazi yao kwa wanasayansi wa nchi nyingine.